Miguu Ikifungwa Ghafla

(Hotuba ya mwalimu mkimbizi kutoka Mocímboa da Praia, iliyosomwa mbele ya wakazi wa kambi katika Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, tarehe 3 Desemba)



Naishukuru Kamati kwa kunipa nafasi hii. Mimi si daktari. Nimesomea ualimu tu. Lakini hapa kambini wapo wenzetu ambao miguu yao iliishiwa nguvu ghafla, na wapo jamaa wanaowaficha ndani ya hema kwa aibu. Juu ya hao nitasema yale niliyoyaona nyumbani kwetu.

Shangazi yangu aliolewa Memba, mkoa wa Nampula. Mwaka 1981 ulikuwa wa ukame. Asubuhi moja aliamka, akasimama, magoti yakatetemeka, akaanguka. Tangu siku ile hakutembea tena bila fimbo. Majirani walisema amerogwa. Kumbe hakuwa peke yake. Mwaka ule watu zaidi ya 1,100 wa mkoa wa Nampula walipatwa, wengi wao wanawake na watoto. Wenyeji waliuita ugonjwa huo mantakassa. Kule Kongo huitwa konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Tanzania nako ulionekana Tarime mwaka 1985, na baadaye Mtwara.

Madaktari walichunguza, akiwamo Hans Rosling wa Sweden, aliyekuwa akifanya kazi Nacala. Chanzo kilichoonekana ni muhogo mchungu. Muhogo huo una sumu ya sianidi, na sumu hutoka ukilowekwa au kuanikwa siku za kutosha. Njaa ikibana, watu hupunguza siku. Mtu akila muhogo wa namna hiyo majuma mengi, bila samaki wala kunde, mwili hushindwa kujikinga, na mishipa ya fahamu inayoongoza miguu huharibika. Ugonjwa ulirudi Mogincual mwaka 1992 na 1993, vita vilipokuwa vikimalizika. Basi, ndugu zangu, huu ni ugonjwa wa njaa na wa kukimbia. Unatuhusu sisi.

Konzo hauambukizi. Hauendelei kula mwili mwaka hadi mwaka, ila mtu akirudia chakula kile kile unaweza kumpiga mara ya pili. Lakini miguu iliyokwisha kukakamaa hairudi kuwa kama zamani. Kwa hiyo lazima kujifunza kuishi nayo, na hapo shangazi ndiye aliyekuwa mwalimu wangu.

La kwanza, alisema, usione haya fimbo. Alitumia mbili, na nchani alizivika mpira wa kandambili kuukuu ili zisiteleze. La pili, usifanye haraka. Miguu ya konzo hutembea kwa vidole, na ukishtuka au ukikimbizwa hukakamaa zaidi. Akiitwa, hakuinuka mpaka atulie kwanza. La tatu, jifunze kuanguka kama unavyojifunza kutembea. Alipoona anaanguka aliachia mzigo, maana mtungi hununuliwa, mkono uliovunjika haununuliki. Kisha alipumzika chini, akajigeuza, akapiga magoti, akashika kitu imara ndipo akainuka.

Nasi tulio wazima tuna la kujifunza. Ukimwona mtu ameanguka, usimvute mkono. Muulize, "Nikusaidieje?" Mletee kigoda au fimbo yake, umpe bega. Na usicheke.

Hapo nakiri kosa langu. Darasani kwangu yuko mtoto anayetembea kwa vidole. Nilimkalisha nyuma ili asisukumwe na wenzake. Siku moja alianguka akienda mlangoni, darasa zima likacheka, na juma zima hakurudi shuleni. Mimi, niliyekua nikimshikia shangazi fimbo, sikuwa nimefikiri. Sasa anakaa karibu na mlango, anatoka dakika tano kabla ya kengele, na wenzake hupokezana kumbebea madaftari. Hajakosa siku hata moja.

Agosti 2020 mji wetu na bandari yake vilipotekwa, shangazi alikimbia pamoja nasi. Alianguka mara nyingi njiani. Kila mara alituambia, "Tangulieni." Hatukutangulia. Amefariki hapa ugenini, lakini fimbo zake ninazo.

Ndugu wa mashirika, kwenu nina maombi madogo. Kamba za hema zinazokatiza njia zinaangusha watu. Zifungwe vitambaa vyeupe. Vyooni kuwe na mti wa kushika. Siku ya mgao, wenye fimbo wapewe mahali pa kukaa na wahudumiwe kwanza. Na mgao wa kunde usikatike, kwa kuwa kunde hizo ni kinga.

Akina mama, mkipata unga wa muhogo msiouamini, iko njia rahisi iliyofundishwa na mtaalamu Howard Bradbury wa Australia. Changanya unga na maji mpaka uloane, utandaze mwembamba, usizidi unene wa kidole. Uache juani saa mbili au kivulini saa tano, sumu ipae. Kisha upike sima siku hiyo hiyo.

Neno la mwisho. Si kila mguu unaolegea ni konzo. Mtoto akilegea ghafla mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo, kwani polio ilionekana tena Msumbiji mwaka 2022. Mtu mzima akilegea upande mmoja na mdomo ukapinda, huenda ni kiharusi. Yako na magonjwa ya fahamu, kama multipo sklerosisi, yanayopiga, yakapoa, kisha yakarudi. Daktari ndiye wa kuyatenganisha. Jirani na mpiga ramli hawawezi.

Aliyefungwa miguu hakufungwa moyo. Leo jioni mkirudi, fungueni milango ya mahema, muwatoe nje wenzetu waliofichwa, wakae nasi barazani.