Redio ya Betri Inaweza Kukuonyesha Waya Mbovu



Huku Kisii na Nyamira mvua hunyesha karibu kila mwezi. Maji yakipenya kwenye paa na ukutani, huharibu nyaya za stima polepole. Mara nyingi nyumba hutoa ishara kabla ya moto kuanza: swichi inayolia, soketi yenye joto, harufu ya plastiki inayoungua au taa inayopepesa.

Redio ndogo pia inaweza kukusaidia. Tia betri, iweke kwenye AM mahali pasipo na stesheni, kisha tembea nayo karibu na soketi na swichi bila kugusa waya wowote. Ikikwaruza, zima vifaa kimoja kimoja. Kelele ikiisha ulipochomoa chaja fulani, chanzo ni hicho, na chaja nyingi hukwaruza hata zikiwa nzima. Lakini mlio ukitatarika na kukatika-katika karibu na soketi au swichi, huenda waya umelegea na unatoa cheche. Acha kuitumia. Hata redio ikinyamaza, usipuuze zile ishara nyingine.

Kisha tazama mita ya tokeni. Mita nyingi zina kitaa kinachomweka stima inapotumika. Zima taa zote na uchomoe kila kitu. Kitaa kikiendelea kumweka, huenda stima inavuja au kuna mtu amejiunganisha kwako. Pesa za tokeni zinapotea, na stima inayovuja inaweza kuua.

Ukipigwa na stima hata kidogo ukigusa mabati, bomba au shawa, usirudie kugusa. Waondoe watoto hapo. Zima swichi kuu ikiwa utaifikia ukiwa na mikono mikavu na umevaa viatu.

Usifungue soketi mwenyewe, kwani stima ya nyumbani ni volti 240. Ita fundi mwenye leseni ya EPRA, akuonyeshe leseni hiyo kabla ya kuanza kazi, na umwombe akague pia waya wa ardhi. Ikiwa taa za majirani pia zinapepesa, au nguzo inatoa cheche, kaa mbali na upigie Kenya Power kwa 97771.

Leo jioni, kabla ya kulala, chukua redio uzunguke nyumba. Ni kazi ya dakika chache tu.