Malezi Huanza Mtoto Akiwa Tumboni

Mazungumzo ya afya kwa akina mama wajawazito na familia zao



Siku ya kliniki mama mjamzito hupimwa mambo mengi: uzani, shinikizo la damu, damu na mkojo. Mhudumu husikiliza pia mapigo ya moyo wa mtoto. Lakini hakuna mashine ya kupima mawazo ya mama. Anaweza kuandikiwa kwenye kijitabu chake kwamba kila kitu kiko sawa, kisha akafika nyumbani asipate usingizi, akiwaza karo, kodi ya nyumba, au mimba iliyotangulia ambayo iliharibika.

Hofu hiyo si kudeka. Ikizidi, mama hukosa usingizi na hamu ya kula, na wengine huanza kuruka kliniki. Kwa hivyo kutulia ni sehemu ya kutunza mimba, kama vile kumeza vidonge vya kuongeza damu.

Mama wengi huanza kumhisi mtoto akicheza kati ya wiki ya 16 na ya 24. Aliyewahi kuzaa huweza kumhisi mapema kuliko mwenye mimba ya kwanza. Mimba ikikaribia miezi 6, mtoto huanza kusikia sauti. Anayoizoea zaidi ni ya mama yake, na akizaliwa huitambua. Basi anayemsikia mjamzito akizungumza peke yake jikoni asimcheke. Hayuko peke yake.

Kutulia hakuhitaji pesa. Robo saa jioni yatosha. Mama aketi kwenye mkeka au kiti, ainue miguu, aweke mikono juu ya tumbo, avute pumzi polepole kwa pua na kuitoa polepole kwa mdomo. Amweleze mtoto habari za siku hiyo, au amwimbie. Anayechambua maharagwe aimbe akiendelea na kazi. Matembezi mafupi jua likipoa husaidia pia. Katika miezi 3 ya mwisho, alale kwa ubavu, si chali.

Kupaka tumbo mafuta taratibu ni njia nzuri ya kuwa karibu na mtoto. Lakini kukandwa tumbo kwa nguvu ili "kumgeuza mtoto" ni hatari. Mtoto akiwa amekaa vibaya, hilo ni jambo la hospitali.

Wapo mama ambao, baada ya kupoteza mimba, huogopa kumzoea mtoto aliye tumboni. Wasilazimishwe. Katika baadhi ya jamii zetu, nguo za mtoto hazinunuliwi wala jina halitajwi kabla hajazaliwa. Mila hiyo na iheshimiwe. Kumnong'onezea mtoto neno jema hakuivunji.

Baba naye ana nafasi yake. Aweke mkono tumboni, azungumze, mtoto aizoee sauti yake. Tena abebe mtungi wa maji wa lita 20, maana maneno matamu hayampunguzii mama mzigo. Mama mkwe naye ajue kwamba mjamzito akijilaza mchana si mvivu.

Kuna faida nyingine ya kukaa na mtoto kila siku, nayo huweza kuokoa maisha. Mama anayetulia na mwanawe huijua desturi yake: huyu hucheza sana usiku, yule hucheza baada ya mama kula. Siku desturi hiyo ikibadilika, mtoto akapunguza kucheza au akaacha kabisa, mama ndiye wa kwanza kujua. Asingoje kliniki ijayo, wala asiambiwe kwamba mtoto amelala tu. Aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Vivyo hivyo akitokwa na damu au maji, akiumwa sana na kichwa, macho yakiona ukungu, au uso na mikono ikivimba.

Tena, huzuni ikidumu kwa wiki 2, mama akawa analia ovyo au haoni maana ya kuishi, huo ni ugonjwa unaotibika. Amwambie muuguzi au mhamasishaji wa afya wa kijijini mapema. Na mama anayepigwa nyumbani hawezi kuambiwa atulie, anahitaji ulinzi. Nambari 1195 hupigwa bila malipo, mchana na usiku.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na malezi hayangoji mtoto azaliwe. Leo jioni, kila mwenye mjamzito nyumbani ampokee kazi moja, ili apate robo saa ya kukaa na mwanawe.