Kuyatambua Masafa ya Redio za Kazini



Watu wa Nyamache waijua vema kazi ya majani ya chai: yakisha kuchumwa hayangoji. Lori likikwama matopeni, habari haina budi kufika kiwandani upesi. Hapo ndipo huonekana faida ya redio ya upepo, ambayo wengi huiita redio koli. Lakini redio mbili hazisikilizani ila zikiwa katika masafa yale yale.

Wengi hudhani kwamba namba ya chaneli ndiyo masafa. Sivyo. Chaneli ya 1 katika redio moja yaweza kuwa megahezi 150, na katika nyingine megahezi 450. Namba hiyo ni kama namba ya mlango; haisemi ni nani akaaye ndani.

Basi masafa hutambulikanaje? Kwanza, isomwe leseni, kwa kuwa masafa hugawanywa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, kwa sheria ya mwaka 1998. Pili, fundi aiunganishe redio na kompyuta, ayasome yaliyotiwa humo. Tatu, kipo chombo cha kupimia masafa: redio ikibonyezwa karibu nacho, tarakimu huonekana.

Kubahatisha ni hatari. Atumiaye masafa asiyopewa aweza kuifunika sauti ya polisi au ya gari la wagonjwa. Kwa hiyo masafa ya kazini na yaandikwe daftarini, na redio mpya isipelekwe njiani kabla haijajaribiwa pamoja na ya zamani.