Matete yatuokoe na sumu ya Ngerengere

(Mazungumzo na vijana wa Morogoro)



Sisi wa mji kasoro bahari tunakunywa maji ya Uluguru yanayokusanywa Bwawa la Mindu. Tukishayatumia, sehemu yake huenda kwenye mabwawa ya majitaka ya Mafisa, kisha Ngerengere, kisha Ruvu. Na Ruvu ndiyo inayonywewa Dar es Salaam! Juu tunateka, chini tunawaachia wenzetu uchafu.

Mabwawa yana kazi yake: jua huua vijidudu vingi. Lakini naitrojeni, inayotokana na mkojo na kinyesi, haiishi yote. Kwa mkulima wa mpunga ni mbolea ya bure. Mtoni ni balaa: mwani hustawi, ukioza humaliza hewa ya majini, samaki hufa. Naitreti ikizidi kwenye maji ya kunywa, damu ya mtoto mchanga hushindwa kubeba oksijeni. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita.

Dawa ipo, tena haihitaji mitambo ya mabilioni. Chimba bwawa la kina kifupi, jaza kokoto, panda matete. Penye hewa, karibu na mizizi, bakteria hugeuza amonia kuwa naitreti. Pasipo hewa, bakteria wengine huigeuza naitreti kuwa gesi ileile iliyo asilimia 78 ya hewa tunayovuta. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameifanyia kazi njia hii tangu miaka ya 1990, na Moshi matete yanasafisha maji yanayotoka kwenye mabwawa.

Kuna jipya zaidi. Makaa hufukiwa chini na juu ya kokoto, yakaungwa kwa waya. Bakteria wa chini wakila uchafu hutoa umeme, nao ukifika juu husaidia kuondoa naitreti. Mwaka 2017 watafiti kutoka Bristol, Uingereza, walitumia bakteria wa namna hiyo kuwasha taa za choo kwa mkojo katika shule ya wasichana ya Seseme, Kisoro, Uganda. Asikudanganye mtu kwamba umeme huo utaendesha mashine ya kusaga. Faida yetu ni maji.

Basi tudai mawili. Vipimo vya naitrojeni ya maji yanayotoka Mafisa vibandikwe kila mwezi kwenye ofisi za kata. Na matete yapandwe. Kigogo hununua maji ya chupa. Mlalahoi wa kando ya Ngerengere anateka kwa ndoo. Huyo naye ni mwananchi.