Mkwaruzo wa Jicho Usisubiri Wiki Mbili
(Hotuba iliyotolewa katika harambee ya mwaka, kuhusu mfuko wa afya)

Ndugu zangu wote wa Karagwe na Kyerwa,

Kamati imependekeza kwamba mwaka huu mfuko wetu wa afya uelekezwe kwenye huduma ya kwanza ya macho. Mimi si daktari, ni mhasibu. Nimeombwa nieleze kwa nini fedha ziende huko.

Sehemu ya mbele ya jicho, ile angavu kama kioo cha saa, inaitwa konea. Unene wake ni kama nusu milimita, na haina mishipa ya damu, hivyo mwanga hupita bila kizuizi. Sisi ni watu wa migomba, kahawa na maharage. Jani la mgomba likikuchapa, kijiti cha mbuni kikikuchoma wakati wa kupogolea, ganda la maharage likiruka wakati wa kupura, konea inakwaruzika. Mkwaruzo wenyewe ni mdogo. Hatari ni bakteria na kuvu wanaoingia hapo na kufanya kidonda. Kidonda kikipona huacha kovu jeupe, na mtu anaweza asione tena kwa jicho hilo. Nyumbani wengi huliita mtoto wa jicho, lakini sivyo. Mtoto wa jicho hutokea ndani, kwenye lenzi, na huondolewa kwa upasuaji wa muda mfupi. Kovu la konea ni kazi nzito zaidi.

Dawa yake ya siku nyingi ni kupandikiza konea ya mtu mwingine. Daktari Eduard Zirm alifanikiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1905 mjini Olomouc, ambao leo uko Jamhuri ya Cheki, kwa kibarua aliyeunguzwa macho na chokaa. Tatizo ni wapi konea zitoke. Utafiti wa dunia nzima uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba kwa kila watu 70 wanaohitaji, konea inayopatikana ni moja.

Kwa hiyo wanasayansi wanatafuta njia ya kuitengeneza. Ulaya iliruhusu mwaka 2015 tiba ya kuchukua seli shina ukingoni mwa konea nzima, kuzikuza maabara na kuzirudisha kwenye jicho lililoungua. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Linköping, Uswidi, walitangaza konea iliyotengenezwa kwa kolajeni ya ngozi ya nguruwe. Waliwekewa watu 20 nchini India na Iran. Kati yao 14 walikuwa vipofu, na baada ya miaka miwili hakuna aliyebaki kipofu. Ni habari njema sana. Lakini wagonjwa wale walikuwa na konea zilizokonda na kuchongoka, si makovu ya vidonda kama ya kwetu.

Sasa tutazame karibu. Ukivuka daraja la Murongo, safari ya Mbarara si ndefu. Huko madaktari wa macho waliwafuatilia wagonjwa 313 wa vidonda vya konea, waliofika kati ya Desemba 2016 na Machi 2018. Wengi walikuwa wakulima. Katika sehemu kubwa ya vidonda vile kilichokutwa ni kuvu. Asilimia 60 walikuwa wameshatumia dawa za kienyeji. Nusu yao walifika hospitali siku 17 au zaidi baada ya kuanza kuugua. Miezi mitatu baadaye, asilimia 30 walikuwa hawaoni kwa jicho lile, na asilimia 9 walikuwa wameondolewa jicho kabisa. Ardhi yao na kazi zao ni kama zetu.

Linganisheni na Bhaktapur, Nepal. Huko wahudumu wa kijamii walifundishwa kutambua mkwaruzo na kutoa dawa ya jicho ya kupaka, ya antibayotiki, mara tatu kwa siku kwa siku tatu. Kati ya mikwaruzo 442, asilimia 96 ilipona bila maambukizi. Walioanza dawa ndani ya saa 18, hakuna hata mmoja aliyepata kidonda.

Ndugu zangu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta huo hata Uswidi bado wanajifunza kuujenga. Ufa tunaweza kuuziba sisi.

Tunaomba mambo matatu. Kwanza, mafunzo kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, yakipangwa na Waganga Wakuu wa wilaya zetu mbili. Pili, zahanati zipate dawa hiyo ya kupaka, tochi ya mwanga wa bluu na rangi inayoonyesha mkwaruzo kwa kung'aa kijani. Tatu, nauli ya rufaa. Doa jeupe likishaonekana, dawa ya zahanati haitoshi. Mgonjwa aende kwa daktari wa macho siku hiyohiyo, hata ikibidi hadi Bugando, Mwanza.

Mwakani tuletewe hesabu: wangapi walikwaruzika, wangapi walifika ndani ya siku moja, wangapi walipona.

Na hata kabla ya mchango, pigeni simu nyumbani usiku huu. Waambieni wasitie jichoni maji ya majani wala matone ya kununua bila kupimwa. Yapo matone yenye steroidi yanayoipa kuvu nguvu. Waende zahanati siku hiyohiyo.

Karibuni tuchangie.