VYUMA CHAKAVU NYUMA YA GHALA: TUCHAMBUE KWANZA, NDIPO TUUZE

Maneno ya Ndugu Katibu wa Tawi kwenye mkutano wa wanachama wa ushirika, mbele ya ghala. Yameandikwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakufika.

Watoto naomba wasogee mbele, maana sehemu kubwa ya maneno yangu inawahusu wao.

Jambo lililotuita mnalijua. Nyuma ya ghala letu kuna lundo la vyuma. Kuna trela lililokufa, kuna plau nne zisizo na mikono, kuna injini ya mashine ya kusaga iliyopasuka, kuna mapipa, kuna mabati ya paa la kwanza la ghala hili, na takataka nyingine ambazo kila aliyekosa pa kutupa ametupa pale. Amekuja mnunuzi na lori. Anataka lundo zima, kwa bei ya mkupuo, bila kupima. Wajumbe wengine wanasema tumpe, tupate pesa ya magunia kabla ya mavuno. Mimi sipingi kuuza. Ninachopinga ni kuuza kitu ambacho wenye nacho hawajakitazama. Mtu hauzi gunia la nafaka akiwa hajafungua kamba kuona kama ni mahindi au ni ufuta. Sasa kwa nini tuuze chuma hivyo?

Ndugu zangu, chuma si kitu kigeni katika nchi hii. Kule Ufipa wazee walijenga malungu, yaani matanuru ya udongo yanayompita mtu kwa urefu, wakayeyusha mawe ya chuma kwa mkaa. Upepo uliingia wenyewe kupitia matundu ya chini, hakuna aliyevukuta. Wapare walifua chuma kikavushwa mpaka kwa Wachagga. Na huko Buhaya, mwaka 1978 wataalamu wa mambo ya kale waliandika kwamba wenyeji walikuwa wakitengeneza chuma kigumu cha pua zaidi ya miaka 1500 iliyopita. Katika sehemu nyingi jembe lilikuwa ni mahari. Baadaye yakaja majembe ya dukani, ya bei nafuu, na matanuru yakazimika. Ikafika baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bidhaa zikaadimika, sabuni hakuna, jembe hakuna, na sisi wa umri wangu tuliokuwa watoto miaka ya 1980 tunakumbuka nani walitusaidia. Walikuwa ni wahunzi na mafundi wa bati. Koroboi ilitoka kwenye kopo la maziwa, ndoo ilitoka kwenye pipa, na miguuni tulivaa katambuga za matairi. Siwaambii turudi kwenye shida ile, la hasha. Nasema ule ujuzi usiondoke na lori.

Hebu tulitazame lundo lenyewe. Vyuma si kabila moja. Chukua sumaku, hata ile ya spika ya redio mbovu, ipitishe. Kisichonaswa mara nyingi ni shaba, shaba nyeupe ya manjano ya kwenye mabomba, au aluminiamu. Hivyo vina bei kubwa kuliko chuma cha kawaida, na mnunuzi anajua hilo hata kama sisi hatujui. Nyaya za ndani ya dainamo ya lile trekta ni shaba tupu. Ukiuza lundo zima kwa bei ya chuma, shaba umempa bure.

Kinachonaswa nacho kina aina zake. Ile injini ya mashine ni chuma cha kumimina. Ukikipiga nyundo kinavunjika kama chungu, hakipindi, na mhunzi wetu hawezi kukifua hata akikitia moto siku nzima. Hicho kiuzwe. Mabomba na nondo ni chuma laini. Kinapinda, kinachomelewa vizuri, kinafaa kwa bawaba, komeo, miguu ya kiti, mikono ya plau. Sasa iko mali yenyewe, springi bapa za chini ya lile trela. Hicho ni chuma kigumu. Ukikigusisha kwenye jiwe la kunolea la mashine, cheche zake ni nyingi na zinachanua kama maua ya mpunga, wakati cheche za chuma laini ni mistari mirefu isiyo na matawi. Nimehesabu springi zile: ziko vipande kumi na vinne. Kutokana na hizo unapata mapanga, visu, mashoka, tezo, patasi, tindo, na meno ya plau. Mnunuzi anaziita vyuma chakavu. Fundi anaziita zana ambazo bado hazijafuliwa.

Nilikwenda kwa mzee mhunzi wetu nikakaa naye siku mbili ili nisije hapa kusema maneno ya hewani. Hii ndiyo kazi yake. Anapasha kipande cha springi kwenye moto wa mkaa, kijana anazungusha gurudumu la baiskeli linaloendesha feni ya upepo. Kikishakuwa chekundu anakifua juu ya fuawe, na fuawe yake ni kipande cha reli alichorithi kwa baba yake. Msije mkaenda kung'oa reli, ndugu zangu, hiyo ni jela na ni roho za abiria. Akimaliza umbo, kunakuja jambo ambalo vijana wengi wanaojiita mafundi hawalijui. Anakipasha tena mpaka sumaku ikatae kukinasa. Ndiyo, chuma kikipata moto wa kutosha sumaku haikitaki tena, na hiyo ndiyo alama yake. Hapo anakitumbukiza kwenye oili chafu ya gari. Hatumii maji kwa springi, kwa sababu maji yanapooza kwa ghafla na chuma kinaweza kupata ufa. Kikitoka hapo ni kigumu kama kioo, na kama kioo kinavunjika. Kwa hiyo anakisugua king'ae, anakipasha polepole, anatazama rangi inavyotembea juu yake. Ikifika njano ya majani makavu, hicho ni kisu. Ikifika zambarau kuelekea buluu, hicho ni shoka au panga, kitu cha kupigwapigwa. Anaacha hapo hapo. Panga la namna hiyo halipindi kwenye mti wa mkwaju. Haya mengine tunayonunua mnadani, mnajua wenyewe, mwezi mmoja limekuwa upinde.

Mzee huyu ana umri mkubwa na hana mwanafunzi. Vijana watatu walianza, wakaacha, kwa sababu wateja hukopa na hawalipi. Nasema bila kuficha: wengi wa wadeni wake wako hapa mbele yangu. Mtu anatengenezewa shoka mwezi wa tatu anasema nitalipa nikivuna, akivuna anapita njia nyingine. Halafu tunalalamika kijiji hakina mafundi!

Nije kwenye mapipa. Yako kumi na moja, ya lita 200. Pipa lililokuwa na mafuta ya kula, likasafishwa vizuri na kukauka, ni ghala la nyumbani. Linaingia mahindi gunia moja na nusu hivi. Mahindi yakaushwe kweli kweli, yajazwe mpaka juu, mfuniko uzibwe hewa isipite. Dumuzi aliyebaki ndani anamaliza hewa anakufa. Wazee mnamkumbuka dumuzi alipozuka Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu wakamwita Skania kwa jinsi anavyobeba. Huyo hawezi kutoboa bati. Lakini sikilizeni vizuri: pipa lililobeba dawa ya shamba, au dizeli, au oili, halitiwi chakula wala maji ya kunywa, hata ulioshe kwa sabuni mara mia. Kwetu hapa mapipa matatu tu ndiyo ya mafuta ya kula. Nimeyatia alama ya chokaa.

Mapipa mengine yakatwe yawe karai, majiko ya mkaa, na mifereji ya paa. Hii mifereji nataka kina mama mnisikilize, maana ninyi ndio mnaoamka alfajiri kwenda kisimani. Katika darasa letu la kisomo cha watu wazima tulipiga hesabu hii ubaoni. Nyumba yenye paa la mita 6 kwa mita 8 ina mita za mraba 48. Mvua ya milimita 10, yaani mvua ya kawaida ya jioni moja, inaangusha juu ya paa hilo lita 480. Hata zikipotea kidogo, hayo ni mapipa mawili. Mwanafunzi mmoja, mama wa makamo, alikataa kuamini, akasema mwalimu amekosea nukta. Ikanyesha, akaweka ndoo chini ya kona moja ya bati lake, akahesabu ndoo. Alirudi darasani anacheka. Mfereji wa kukunja kwa bati la pipa, ukafungwa kwa waya chini ya paa, hauhitaji fundi mkubwa. Unahitaji mkasi wa bati, nyundo ya mti, na mtu wa kukushikia ngazi. Maji ya mwanzo yaachwe yaende, yanasafisha vumbi na kinyesi cha ndege. Na kwa mfereji wa maji ya kunywa tumieni mabati ya zamani ya ghala, si pipa la oili.

Sasa hatari zake. Hapa sitaki mzaha hata kidogo.

Pipa lililoziba lisikatwe kwa moto. Hata kama lina mwaka mzima ni tupu, mvuke wa petroli uko ndani na unalipuka. Livuliwe vifuniko vyote, lioshwe, lijazwe maji, ndipo likatwe, na tindo na nyundo ni bora kuliko gesi. Shokapu ya gari nayo isitupwe motoni, ni mrija ulioziba. Betri ya gari isivunjwe nyumbani kuyeyusha risasi ya kutengeneza vyuma vya nyavu. Moshi na vumbi la risasi vinaingia kwenye damu na kwenye ubongo wa mtoto, na havitoki kwa kunywa maziwa kama watu wanavyodanganyana. Bati jipya lenye zinki likichomwa, ule moshi mweupe unaleta homa na kutetemeka usiku. Mafundi wanadhani ni malaria.

Na ninyi watoto. Mnaokota vyuma mnampelekea mtu wa mizani mnapata pesa ya andazi. Mkiona chuma kizito msichokijua, chenye umbo la yai au la chupa, msikiguse, msikipige jiwe, mwiteni mtu mzima. Mwezi wa Novemba 2017 wilayani Ngara, mkoa wa Kagera, bomu la mkono lililookotwa kama chuma chakavu lililipuka shuleni na watoto wenzenu wakafa. Tena mfuniko wa koki ya bomba la maji umeng'olewa wiki iliyopita. Sikutaja mtu. Naamini utarudi mahali pake kabla sijalazimika kutaja.

Basi pendekezo langu kwa Bodi ni hili. Lundo lichambuliwe siku ya Jumamosi. Springi, nondo, mabomba, mabati mazima na mapipa viwekwe upande wetu. Shaba na aluminiamu vipimwe peke yake. Injini, vipande vilivyooza kwa kutu na vingine vyote visivyotufaa viuzwe kwa kilo, na vipimwe kwa mizani ya ushirika, si ya mwenye lori. Mwaka juzi mnunuzi mmoja alipima hapa kwa mizani yake vyuma ambavyo sisi tulikuwa tumeshapima asubuhi. Gunia letu la kilo 60 kwake likawa 47. Tulipomwuliza alisema chuma hupungua juani!

Pesa ya mauzo iende kwenye magunia kama wajumbe walivyotaka. Lakini kwanza tuitoe humo pesa ya mkasi wa bati, tupa mbili, na deni la mzee mhunzi kwa kazi aliyoufanyia ushirika wenyewe, maana hata ghala hili, ndugu Mwenyekiti, bawaba zake bado hazijalipiwa. Mzee amekubali kufundisha vijana wanne, siku mbili kwa wiki, mkaa wa ushirika. Wasichana wanaruhusiwa, nimemwuliza, akasema moto hauulizi.

Wanaotaka waandike majina kwa karani leo, au watu wa kuwaandikia wapo. Jumamosi saa moja asubuhi, kila atakayekuja avae viatu, aje na glavu au matambara ya mikono, na mwenye sumaku aje nayo. Mwenye lori nimemwambia arudi Jumatatu.