Uhuru Haukai Peke Yake

Dominika ya 13 ya Mwaka C
Masomo: 1 Fal 19:16b, 19-21, Gal 5:1, 13-18, Lk 9:51-62



Wapendwa wasikilizaji, Dominika hii inatukuta katika majira ya mavuno. Katika bonde letu la Kilombero, toka Ifakara hadi Namawala na vijiji vingine vya tambarare, mpunga umekwisha kukatwa au ungali unakatwa. Wengine wenu mnanisikiliza mkiwa bado katika vibanda vya shambani, redio imetundikwa nguzoni. Mmekesha juu ya dungu, mkifukuza ndege mchana na nguruwe pori usiku. Sasa magunia yanahesabiwa na fedha inaingia mkononi. Haya ndiyo majira ambayo mkulima hujisikia huru kuliko majira mengine ya mwaka. Basi ni vema leo tumsikilize Mtume Paulo, anayewakumbusha Wagalatia kwamba Kristo ametuweka huru, na papo hapo anatuonya tusiugeuze uhuru huo kuwa nafasi ya kuzifuata tamaa zetu.

Sisi hatuna haja ya kufundishwa kwamba uhuru ni kitu cha thamani. Wazee wetu walilijua jambo hilo. Mwaka 1905, walipochoshwa na kodi na kazi za shuruti za utawala wa Kijerumani, Wapogoro na Wambunga walikuwa miongoni mwa watu walioinuka katika Vita vya Maji Maji, na mwishoni mwa mwezi wa Agosti walilishambulia boma la Mahenge. Waliziendea bunduki za rashasha wakiamini kwamba dawa ya maji ingewakinga. Wengi hawakurudi, na njaa iliyofuata vita ikaua wengine wengi.

Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru wake. Wakati ule wananchi walipewa wito mfupi: Uhuru na Kazi. Na katika nembo ya Taifa letu yameandikwa maneno Uhuru na Umoja. Ndugu zangu, litazameni vizuri neno lile dogo "na". Uhuru haukuachwa ukae peke yake. Uhuru bila kazi huzaa njaa, na uhuru bila umoja huzaa ugomvi. Mtume Paulo naye hauachi upweke. Anatuambia kwamba walio huru watumikiane kwa upendo. Kwa Mkristo, basi, wito ni huu: Uhuru na Upendo.

Masomo ya leo yanatuonyesha uhuru wa namna hiyo. Elisha alikuwa mkulima, tena mkulima mwenye uwezo, kwa maana mbele yake zilikuwapo jozi kumi na mbili za ng'ombe. Eliya alimtupia vazi lake akapita. Hakumkamata, wala hakumfunga kamba. Elisha alipoomba kwanza akawaage wazazi wake, Eliya alimwacha arudi. Akachinja ng'ombe wake, akapika nyama kwa miti ya nira yao, akawalisha watu. Kisha akamfuata Eliya na kumtumikia. Nira iliyokuwa shingoni mwa ng'ombe ikawa kuni za karamu ya watu. Hakuna aliyemlazimisha. Mtu huru amechagua kuwa mtumishi.

Katika Injili, Wasamaria wanakataa kumpokea Yesu kijijini mwao. Yakobo na Yohane wanakasirika, wanataka moto ushuke kutoka mbinguni uwateketeze. Yesu anawakemea wanafunzi wake, wanakwenda kijiji kingine. Bwana mwenye uwezo wote hataki kupokelewa kwa hofu. Hapa wazazi, walimu na sisi mapadre tuna la kujifunza, maana mara nyingi tunapokataliwa huwa wepesi wa kuita moto.

Sasa, wapendwa, turudi nyumbani. Nataka tumtazame baba mmoja. Sitataja jina lake, kwa sababu yupo katika kila kijiji. Mwezi wa pili, akiba ilipokwisha nyumbani, alikopa fedha kwa mwenye uwezo, akaahidi kulipa kwa magunia ya mpunga ambao hata haujachanua. Leo amevuna. Mkopeshaji amefika na magunia yake, na gunia linajazwa lumbesa hadi linavimba kama mtu mwenye mimba. Kinachobaki, baba anauza. Anapita kilabuni jioni ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mkewe anapouliza habari za sare na madaftari ya watoto, anajibiwa: "Mpunga ni wangu, fedha ni yangu, mimi ni mtu huru!"

Je, ni wake kweli? Nani alipanda naye matopeni? Nani alikesha zamu ya pili juu ya dungu, mtoto mgongoni, akipiga debe gizani? Fedha ile ina jasho la watu watano, na inanywewa na mmoja.

Tena, je, yeye ni huru? Ndugu zangu, msinielewe vibaya. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulifundisha kwamba uhuru wa kweli ni alama kuu ya sura ya Mungu ndani ya binadamu. Kanisa haliuogopi uhuru. Lakini mtu huru hatambulikani kwa kuwa aweza kuingia kilabuni, maana hata mtumwa wa pombe aweza kuingia. Mtu huru ni yule awezaye kupita mbele ya mlango ule akaenda nyumbani. Baba yetu huyu hakuna anayemtawala kwa kiboko, lakini miguu yake haimtii. Na mwezi wa pili ukifika atakopa tena, na mpunga wa mwaka ujao utakuwa na mwenyewe kabla haujapandwa.

Wala tusimlaumu yeye peke yake. Yule mwenye fedha naye husema, "Biashara ni huru, sikumlazimisha." Ni kweli hakumlazimisha, njaa ndiyo iliyomlazimisha, naye akaitumia njaa ile kama mjeledi. Ndugu uliyekopesha, kama unakaa kanisani nasi, jiulize leo kama uhuru wako umemtumikia jirani au umemla. Mtume Paulo anawaonya Wagalatia kwamba wakiumana na kulana, watamalizana.

Dungu linatufundisha jambo hili. Katika tambarare mashamba yetu yanapakana, hayana ukuta. Mtu mmoja akisema, "Shamba ni langu, usiku huu nalala," nguruwe huingia kwake, na wakimaliza kwake hawarudi porini, huvuka kwenda kwa jirani. Usingizi wa mmoja huwa hasara ya wengi. Ndivyo ilivyo kwa dhambi zetu tunazoziita za siri na uhuru tunaouita wetu.

Basi tufanye nini? Kwanza, wiki hii, kabla fedha haijaanza kutoka, baba na mama waketi pamoja, na watoto wakubwa wasikilize. Wahesabu magunia kwa uwazi: hili la chakula hadi mavuno mengine, hili la mbegu, hili la shule, hili la matibabu, hili la zaka. Kuhesabu pamoja ni sala pia. Pili, Jumuiya Ndogo Ndogo zetu zikumbuke mwezi wa pili sasa, wakati ghala zimejaa. Kila nyumba ikitoa debe moja la mpunga likawekwa akiba, jirani mwenye shida ataazima chakula kwa ndugu zake, arudishe debe lile lile bila lumbesa. Nanyi makatekista, lianzisheni jambo hili kwa kutoa debe la kwanza. Tatu, yeyote anayejiona amefungwa na pombe, au na deni, au na chuki, asione haya kusema. Aje katika Sakramenti ya Kitubio. Minyororo ya ndani haikatwi kwa nguvu zetu peke yetu; Kristo ndiye aliyelipa gharama yake msalabani.

Bwana anatuambia kwamba aliyeshika jembe akitazama nyuma hafai kwa ufalme wa Mungu. Sisi wakulima tunaelewa: mwenye kulima akitazama nyuma, mstari wake hupinda. Tumekwisha kuwekwa huru kwa Ubatizo. Tusirudi utumwani kwa miguu yetu wenyewe.

Tumwombe Mama Maria, aliyejiita mtumishi wa Bwana ilhali hakuna aliyemlazimisha, atuombee tutumie uhuru wetu kama yeye.

Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Amina.